Mstaafu Anakwenda Faza

Kilifi,
9 Aprili 2025

Mwanangu Hikma,

Assalaam aleikum. Kaa kitako kwanza, na kama uko kazini, zima cherehani.

Nimepata mashua! Si ya kukodi wala ya kuazima, ni yangu mimi shangazi yako, mwalimu mstaafu mwenye miaka hamsini na tisa na magoti mawili yanayolia. Kuna hoteli ndogo hapa imefungwa, na mwenyewe alitaka kuijaza mashua udongo apande maua. Maua, Hikma! Mashua ya tanga, futi kumi na nne, mlingoti mzima, usukani mzima, igeuzwe chungu cha maua! Nikamwambia, "Bwana, mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na nne, na nilipostaafu nikapewa saa ya ukutani. Nipe hii." Akacheka mpaka akashika kiuno, akanipa. Nimeiita Mstaafu.

Sasa sikiliza. Nataka kuipeleka Faza kwa tanga, kutoka hapa Kilifi mpaka kule kisiwani tulikozaliwa mimi na marehemu baba yako. Kuendesha najua. Tulifundishwa pamoja, mimi na baba yako, mpaka nilipovunja ungo nikaambiwa basi, bahari si yako tena. Nikatoka Faza bibi harusi, nimefunikwa gubigubi, mji wangu sikuuona ukibaki nyuma. Tangu hapo kila nikienda naenda kwa basi na boti ya mashine, nimebanwa kati ya magunia ya vitunguu, naona migongo ya watu. Tangu utoto sijaiona tena Faza ikinijia kutoka baharini. Nataka kuiona kwa macho yangu, mkono wangu ukiwa kwenye usukani.

Mashua inabeba wawili. Wa pili nataka uwe wewe. Tanga lililopo limeoza, na wewe kazi yako ni kushona maturubai, kwa hivyo tanga jipya ni lako. Na neno moja la lazima: uwe unajua kuogelea mita mia mbili bila kushika kitu. Asiyejua simpandishi, awe nani. Nijibu ndiyo au la.

Tutaondoka mwisho wa Agosti, kusi likiwa limepoa lakini bado linasukuma kwenda kaskazini. Ni mwaka huu. Mwakani sitaweza, na usiniulize kwa nini.

Zaki asijue. Mwanangu ni mtu mwema, lakini ameiunganisha simu yangu na kompyuta yake huko Mombasa, nikimwandikia mtu "umeamkaje" yeye anajua kabla ya huyo mtu. Ndiyo sababu nashika kalamu. Barua zako zitume ndani ya kifurushi kwa basi, na juu uandike "vitambaa".

Shangazi yako,
Batulo


Shauri Moyo, Nairobi,
15 Aprili 2025

Shangazi mpendwa, shikamoo,

Ndiyo! Ndiyo, ndiyo, ndiyo!

Nimeisoma barua yako nikiwa kwa cherehani, nikapiga kelele, Nafula akadhani nimejidunga sindano akaja mbio na kitambaa cha kufunga kidole. Nafula ni rafiki yangu, mtu wa Budalang'i, tunashona meza moja kiwandani hapa Industrial Area. Nikamsomea. Akaniuliza, "Huyu ni shangazi ama ni nini?"

Wacha nikwambie ukweli wa moyo wangu. Kila asubuhi natembea kwa miguu kutoka Shauri Moyo hadi kazini, nashona vifuniko vya malori, mahema ya harusi, mabwawa ya samaki. Kila kitu ninachoshona kinaenda mbali. Lori linaondoka na kazi yangu mgongoni mpaka Sudan Kusini, na mimi narudi nyumbani kununua sukuma. Nina miaka thelathini na mbili, na pwani nimekuja mara mbili. Usiku wa jana sikulala, nilikuwa nashika usukani wa mto wa kitanda.

Tanga niachie. Turubai la lori ni zito, litatuzamisha, lakini kuna kitambaa chepesi cha mahema, kigumu balaa, rangi ya machungwa. Kweyu, msimamizi wetu, amesema nichukue mabaki yote mradi nishone baada ya saa za kazi. Nitumie vipimo haraka.

Kuogelea niko fiti kabisa. Tulifundishwa shuleni. Hiyo hata usiwe na wasiwasi nayo.

Wako,
Hikma


Kilifi,
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Nakurudishia barua yako nikiwa nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Usikasirike, mkono umezoea. "Kigumu balaa" na "niko fiti" nimevipigia mstari. Umepata alama sita kwa kumi, na mbili kati ya hizo nimekupa kwa furaha yako.

Vipimo: mita tano kwenda juu kando ya mlingoti, mita mbili na nusu chini, na katikati liachwe tumbo kidogo lishike upepo. Pembe zote tatu zipigwe nyuzi mara nne. Usisahau safu mbili za vikamba vya kulikunjia tanga upepo ukizidi.

Njia ni hii, nimeichora mpaka karatasi imechakaa. Tunatoka Kilifi alfajiri na kulala Mida. Mida hadi Malindi ni kipande kidogo, tutafika tukiwa na nguvu ya kwenda sokoni. Malindi hadi Ngomeni. Halafu ghuba ya Ungwana, pana, hapo hakuna mzaha, tukivuka tuko Kipini kwenye mdomo wa Mto Tana ambapo bahari ina rangi ya chai ya maziwa. Kipini hadi Lamu ndiyo siku ndefu. Tukishapumzika Lamu tunapita Mkanda, ule mfereji wa mikoko, maji yakijaa tu, maana yakitoka utakaa kwenye tope na kaa mpaka kesho. Mwisho wa mfereji tuko kwetu.

Nimejaribu kulala ndani ya Mstaafu, nikachuchumaa kama kuku. Tutalala ufukweni. Nitachukua tende, papa mkavu, mikate ya mofa na maji lita arobaini. Wewe lete vitu vya bara, lakini si kabichi.

Niambie, mwalimu wako wa kuogelea aliitwa nani? Nimekuwa mwalimu mwenzake, na shule ya Eastlands yenye bwawa sijaisikia.

Batulo


Shauri Moyo,
19 Mei 2025

Shangazi, shikamoo,

Tanga limefika nusu! Juzi nilililaza kwenye sakafu ya kiwanda, mafundi wote wakasimama kuliangalia. Kweyu akauliza hii ni hema ya nani. Nikamwambia ni hema ya upepo. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Nimeomba likizo yote ya mwaka mara moja, Agosti na Septemba. Nimeandika kwenye fomu "shughuli ya familia". Si ni kweli?

Ile ya mwalimu wa shule ni hadithi ndefu, tutaongea tukionana. La muhimu ni kwamba nafanya mazoezi. Nafula ndiye ananinoa, na hana huruma hata chembe. Bwawa letu ni safi, maji ya mvua matupu, hakuna mtu mwingine amewahi kuogelea ndani. Ubaya wake ni mmoja tu, linahama. La wiki iliyopita lilikwenda Kirinyaga, lakini Alhamisi tutapata lingine.

Nikuulize na mimi. Barua yako ya mwisho mistari inatoka nje ya karatasi upande wa kulia. "Kipini" nimepata "Kipi", nafikiri "ni" imebaki kwa meza yako. Ni haraka ama ni furaha? Nafula anasema ukipata barua kama hiyo kutoka kwa mwanaume, jua amekunywa.

Wako,
Hikma


Kilifi,
3 Juni 2025

Mwanangu,

Bwawa linalohama! Nimekaa na sentensi hiyo siku tatu. Nimefundisha watoto wa kila namna, hata aliyesema ng'ombe amemeza daftari, lakini bwawa lililokwenda Kirinyaga sijapata kuletewa. Utanieleza.

Mistari inatoka kwa sababu meza yangu ni nyembamba.

Jana nilimtoa Mstaafu kwa lile tanga bovu. Hikma, ukiegemea nyuma na mashua ikainuka ubavu, ukasikia maji yanacheka chini yako, utasahau kama una magoti! Nilipiga ukelele peke yangu kama mtoto. Wakati wa kurudi niligonga mti wa wigo wa kutegea samaki, ukatoboa ubavu kidogo, tundu la kuingia kidole. Ule mti ulikuwa mahali pabaya. Fundi atauziba, usijali.

Nitumie kipande cha kitambaa nikianike kwenye jua na chumvi nione kama kitachujuka.

Batulo


Mombasa,
20 Juni 2025

Dada Hikma,

Salaam. Jumamosi nilikwenda Kilifi bila kumwambia Mama. Nilikuta kifurushi cha "vitambaa" mezani, nikakuta kipande cha rangi ya machungwa, nikakuta na barua zako ndani ya sufuria ya biriani. Nimezisoma zote. Ni kosa kusoma barua za watu, lakini nyinyi mmefanya kubwa zaidi.

Kuna jambo hajakwambia. Mama ana ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alitueleza Januari, mimi nikiwa nimeketi pale pale. Kilichokwisha haribika hakirudi, matone anayotia yanachelewesha tu. Anaona mbele, kando haoni. Nasimama pembeni ya mlango, ananipita asijue kama nipo. Fundi wa mashua amenieleza: mti aliougonga umekuwa pale tangu mimi mdogo.

Umeelewa sasa kwa nini ni mwaka huu?

Na wewe nasikia unaogelea sana. Akianguka katikati ya ghuba ya Ungwana, utamtoa? Nijibu kama unavyomjibu yeye, kwa vicheko.

Mashua nimeifunga kwa mnyororo na ufunguo ninao huku. Sikuandikii kwa ubaya. Mama ni huyu mmoja tu.

Zaki


Shauri Moyo,
25 Juni 2025

Shangazi,

Sikujua kuogelea. Naandika hilo kwanza kabla sijatafuta njia ya kulizunguka. Shuleni tulikuwa watoto mia tisa na bomba moja. Nilikudanganya kwa sababu uliandika asiyejua humpandishi, na mimi nilitaka kupanda.

Bwawa ni la samaki. Kiwandani tunashona mabwawa ya turubai ambayo wakulima wanafugia kambale. Kabla halijaenda kwa mwenyewe, tunalisimamisha uani kwenye fremu ya mbao, tunalijaza maji ya paani, linakaa siku mbili tuone kama linavuja. Hizo siku mbili ndizo zangu. Jioni wanaume wakishatoka Nafula anafunga geti, mimi naingia na nguo niliyojishonea, imenifunika mpaka vifundoni. Nafula alijifunza kwa mafuriko, anafundisha kama ana ugomvi na mimi. Bwawa lina mita nne tu, ukipiga mikono michache umegonga ukuta, kwa hivyo ananifunga kamba kiunoni, mwisho wa pili kwa nguzo, naogelea papo hapo. Amepiga hesabu yake: mita mia mbili ni mikono mia nne. Wiki hii nimefika mia mbili na sitini. Hii baridi ya Juni imeniingia mpaka kwa meno, lakini nimefika.

Sasa wewe. Zaki ameniandikia. Nimelia, Shangazi, na si kwa huruma, ni kwa hasira. Mimi nilikudanganya juu ya kitu ninachoweza kujifunza. Wewe umenificha kitu ambacho kingetuua wote wawili. Ningekaa mbele ya ile mashua nikiangalia samaki, nikijua nyuma yangu kuna mtu anaona. Kwani ulidhani nitakukimbia?

Tanga limekwisha. Limekunjwa chini ya kitanda changu, na kila nikifagia nalivuta nje nalirudisha. Niambie kama nilifumue.

Hikma


Kilifi,
3 Julai 2025

Mwanangu Hikma,

Usilifumue.

Umesema kweli na sina la kujitetea. Nimeisoma barua yako mara nne na kalamu nyekundu sikuigusa.

Ni kama kuchungulia dunia kwenye bomba la karatasi. Kilicho mbele nakiona vizuri, hata uzi nautunga kwenye sindano. Kando hakuna kitu, wala si giza, ni hakuna tu. Na kila baada ya miezi michache bomba linakuwa jembamba zaidi. Daktari hasemi litaziba lini. Naogopa, Hikma. Nimeishi miaka hamsini na tisa na neno hilo sijamwandikia mtu.

Nilikuficha kwa sababu nikishatamka tu, nimekuwa mgonjwa. Tangu Januari Zaki akija ananishika mkono nikienda chooni. Ananipenda mpaka nakosa hewa. Wewe uliniandikia kama mtu anayekwenda safari na mwenziwe, ukanitania, ukaniambia nimekunywa. Nilishindwa kuliacha hilo. Lakini nilikuweka hatarini na hiyo ni dhambi yangu. Nisamehe.

Sikiliza nilivyofanya. Nimempigia Zaki simu, nikamwambia katikati ya Agosti Hikma anakuja. Alete ufunguo. Mbele yake wewe utaogelea kutoka ngazi za zamani za kivuko mpaka gati ya wavuvi, mita mia mbili na ushee. Halafu mimi nitaiendesha mashua, wewe ukiwa ndani, kuzunguka mkono huu wa bahari na kurudi. Mmoja wetu akishindwa, Mstaafu atapandwa maua na mimi nitayamwagilia bila kunung'unika.

Amekubali haraka sana. Anaamini tutashindwa wote wawili.

Bado una mikono mia moja na arobaini. Anza leo.

Batulo


Kilifi,
17 Agosti 2025

Nafula wangu, niaje!

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yangu imezama, utaona ilivyozama. Kifurushi hiki kina halua. Mpe Kweyu kidogo, si yote.

Mama wee, hukuniambia maji ya chumvi yanambeba mtu! Jana asubuhi nilishuka kwenye zile ngazi za kivuko. Zaki amesimama juu, mikono kifuani, uso kama wa mwenye nyumba tarehe tano. Shangazi akaniambia, "Bismillahi, nenda." Nikafumba macho nikaanza kuhesabu kama ulivyonizoesha. Moja, mbili, tatu. Hakuna kamba inayonirudisha nyuma, hakuna ukuta. Nilipofika mia moja nikasikia kelele. Nikadhani wameona nazama, nikaongeza kasi. Mia mbili, kelele zimezidi. Mia tatu, zimekuwa nyuma yangu. Nikasema wewe Hikma, usisikilize mtu, Nafula alisema mia nne ni mia nne.

Nilipofumbua macho niko kwa mikoko! Gati nimeipita kitambo, iko kule nyuma, na Zaki anakimbia ufukweni na viatu mkononi akipiga yowe, "Umefika! Umefika zamani! Simama!" Nafula, kusimama hatukufundishana. Tulifanya hesabu ya mtu aliyefungwa kwa nguzo. Mvuvi mmoja alinivuta kwa mtumbwi wake, na nikiwa nashangilia humo ndani simu ikatoka mfukoni. Nani anaogelea mtihani na simu mfukoni? Ni mimi.

Halafu ikawa zamu ya Shangazi, na hapo sikucheka. Zaki alikuwa ameniapisha nisiseme kitu. Tulifunga tanga letu, na likajaa upepo kwa mara ya kwanza, ile rangi yote ya machungwa juu ya kichwa changu, nikaona kila mshono wangu umeshika. Aliendesha vizuri, huyo mama! Anasikia upepo na shingo. Lakini tukirudi, mtumbwi ukatokea kushoto, una mzee na nyavu zake, na Shangazi haoni. Nikangoja. Mzee akapaza sauti, upepo ukaipeleka kwingine. Nikasema acha kiapo kiende, nikapiga kelele, "Kushoto, mtumbwi, karibu!" Aligeuza kabla sijamaliza neno. Tukapita karibu hivi, ningeweza kuchukua samaki kwa ndoo ya yule mzee.

Gatini Shangazi alishuka bila kutazama mtu. Akasema, "Nimeshindwa. Zaki, chukua mashua." Alisema polepole, nikataka ardhi inimeze kwa kusema, na nikataka inimeze kwa kungoja.

Zaki alimsogelea. Halafu akasema, "Mama, peke yako umeshindwa, hilo nilijua. Lakini yeye aliposema, wewe ulikuwa umeshageuza. Mimi nikikwambia kitu nyumbani unabishana nusu saa." Akaenda nyuma ya gari lake akakaa huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akauliza kama hapa watu hawanywi chai.

Tunaondoka Jumapili ijayo, Nafula! Mchana tu, maboya ya kuvaa mwilini saa zote, na yeye Zaki anatufuata na gari mpaka Kipini, halafu Lamu. Mimi nakaa mbele, nasema pande zote kwa sauti, hata kama ni ndege. Nimeanza mazoezi ndani ya nyumba. "Kulia, stuli." Roho yangu inaruka kama nini. Niombee.

Hikma wako


Faza,
8 Septemba 2025

Mwanangu Zaki,

Mwandiko ni wa Hikma, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze wala asiongeze. (Naandika kila kitu, hata hilo. H.)

Simu nimeizima kwa makusudi, maana ungenikatiza kabla sijafika mwisho, na mwisho ndio wenyewe. Mwenye boti ya asubuhi ameahidi kukufikishia karatasi hii Lamu. Sisi ni wazima. Hikma ameungua pua kwa jua, mimi kidole kimoja kimevimba.

Ulipotuacha gatini Lamu ulisema Mkanda ndio mgumu. Haukuwa mgumu. Maji yalikuwa yanajaa, yale makubwa ya bamvua, yakatubeba taratibu, na Hikma mbele akitoa habari bila kupumua: mikoko kulia, fungu la mchanga kushoto, ndege nyangenyange watatu, mtu anachota maji, anatupungia. Siku kumi na nne amenielezea pwani nzima ya kando. Sauti imemkauka kama muuza samaki. Sijapata kuona vingi hivyo maishani mwangu, hata nilipokuwa na macho kamili. Watu wenye macho hawaambiani.

Halafu tukatoka kwenye mikoko, bahari ikafunguka, na Hikma akanyamaza. Hakuhitaji kusema. Ilikuwa mbele.

Niliiona, Zaki. Kwanza mnara wa msikiti, kisha minazi, kisha mabati yanameta, kisha watu wadogo kwenye gati. Kwa mbali ule mji wote ulienea ndani ya kitundu changu, haukubaki nje hata banda la mbuzi. Faza nzima, ikinijia. Nililia kwa sauti na sikuona haya, na mashua haikuyumba. Nilimwambia baba yake Hikma, kama anasikia, kwamba tumerudi kwa njia yetu.

Tukakaribia, na mji ukaanza kuwa mkubwa kuliko kitundu. Zikapotea nyumba za kulia, zikapotea za kushoto, ukabaki mlango mmoja na mwanamke ameshika ndoo. Hapo ndipo nilipofumba macho.

(Zaki, mimi nilikataa. Nilimwambia afumbue. Nilimwambia mara tatu. H.)

Alikataa, halafu akaona sifumbui, akafanya kazi yake. "Kulia kidogo. Nyoosha. Ngalawa kushoto, iko mbali. Nyoosha. Shangazi, punguza. Nyoosha." Nikaendesha kwa sauti yake na kwa upepo wa shingoni, giza tupu, hatua baada ya hatua, mpaka nikasikia mchanga unakwaruza chini na watoto wanapiga makofi. Hawakujua kwamba anayewaletea mashua amefumba macho. Nilitaka kujua kama nitaweza, siku itakapofika. Nilikuwa naogopa siku hiyo tangu Januari, nalala nayo, naamka nayo. Basi jana nimeijaribu mchana kweupe, na nikafika nchi kavu.

Najua umeshasimama hapo ulipo na unazunguka na karatasi hii mkononi. Kaa. Kunywa maji.

Njoo utuchukue Ijumaa na ulete koti la Hikma, alilisahau garini. Mwakani tutakuja tena, na safari hiyo yeye ndiye atakayeniambia Faza inafananaje.

Mama yako,
Batulo